Pilipili Mbuzi: Tunda Lililokuja Badala ya Jingine

Mwaka 1331 Ibn Battuta aliteremka Mogadishu, akapokewa kama walivyokuwa wakipokewa wanazuoni wageni, akaletewa chakula. Katika kumbukumbu za safari zake alikieleza chakula hicho kwa kirefu: wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa kwenye sinia kubwa la mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni maziwa ya mgando pamoja na ndimu za kuchachua, tangawizi mbichi, maembe, na vishada vya pilipili vilivyolowekwa katika siki na chumvi. Wenyeji wake, anasema, walikuwa wakila tonge la wali, kisha wanafuatisha kipande cha achari ile.

Msomaji wa Lamu au Unguja akifika hapo hujiona yuko kwao. Wali, kitoweo, achari ya ndimu, pilipili: hicho ni chakula cha Ijumaa. Lakini pilipili ile haikuwa hii yetu. Mwaka ule hapakuwa na pilipili ya kuwasha hata moja katika Afrika yote, wala Asia, wala Ulaya. Mmea wake ulikuwa ukiota ng'ambo ya Atlantiki, katika nchi ambazo hakuna nahodha wa pwani yetu aliyezisikia. Vishada alivyoonjeshwa Ibn Battuta vilikuwa vya pilipili manga, punje za kijani zingali kwenye vikonyo vyake, zao la pwani ya Malabar huko Bara Hindi, ambako majahazi yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi.

Naanzia kwenye sinia hilo kwa sababu linaonyesha jambo ambalo historia ya pilipili huwa inaliruka. Hamu ya kuwashwa ilitangulia. Watu wa pwani walikuwa wameshazoea kula wali na kitu kikali pembeni, na kazi hiyo ilifanywa na pilipili manga na tangawizi. Tunda geni lilipofika, lilikuta mahali pake pameshaandaliwa, na hata jina likalikuta.

Huko Amerika lilikuwa limeliwa tangu zama za kale mno. Kusini-magharibi mwa Ekuado wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta chembe za wanga wa pilipili kwenye mawe ya kusagia na vigae vya vyungu vyenye umri wa miaka ipatayo 6,000. Katika spishi nyingi za mwituni, wakulima wa bara hilo walizigeuza tano kuwa mazao, na tatu kati ya hizo ndizo zinazolitawala jiko letu mpaka leo. Capsicum annuum ilitoka Meksiko; huyo ndiye mama wa pilipili hoho, ambayo Unguja huitwa pilipili boga, na wa pilipili nyingi ndefu nyekundu zinazosagwa unga. Capsicum frutescens ni pilipili kichaa, vijitunda vyembamba vinavyosimama juu ya tawi kana kwamba vinasubiri ndege. Capsicum chinense ilitoka katika bonde la mto Amazon, nayo ndiyo pilipili mbuzi: tunda fupi, nene, lenye mikunjo mabegani, ambalo harufu yake hukufikia kabla ya ukali.

Wenyeji wa Meksiko hawakuichukulia pilipili kuwa kitu kimoja. Padri Bernardino de Sahagún, aliyefika huko mwaka 1529 na kuishi huko mpaka kufa kwake mwaka 1590, aliwakusanya wazee wa Kiazteki wakamsimulia maisha yao kwa lugha yao ya Kinahuatl. Katika habari za masoko yumo muuza pilipili. Muuzaji mwema, walisema, anazo za kila namna: mbichi za kijani, nyekundu zenye ncha, nyembamba, za kutunga kwenye uzi, zilizokomaa mapema na zilizochelewa, za mji huu na za mji ule. Muuzaji mbaya huuza zilizooza na zinazonuka, takataka za mwisho wa msimu, na zile zilizotoka nchi ya majimaji, zisizowasha, chapwa mdomoni. Hao walikuwa watu waliojua kwamba pilipili ina ladha na ina asili, na kwamba anayeuza ukali peke yake hajauza kitu kamili. Waliujua pia ukali wenyewe kwa upande wake mbaya. Katika kitabu cha michoro kiitwacho Codex Mendoza, kilichochorwa karibu na mwaka 1541, kuna picha ya mtoto wa miaka 11 aliyekosa adabu akishikwa juu ya moshi wa pilipili zinazoungua. Kila aliyewahi kukaa jikoni siku pilipili kavu ilipodondokea kwenye kaa la moto anaielewa adhabu ile.

Kisha akaja Christopher Columbus, aliyekuwa akiitafuta pilipili manga. Huko Ulaya punje hizo zilifika baada ya kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Malabar, wa Aden, wa Misri na wa Venice, na kila mkono ukiongeza bei. Ambaye angeipata njia ya moja kwa moja angetajirika. Columbus akaenda magharibi, akaikosa Hindi, akaangukia visiwa vya Karibi. Tarehe 15 Januari 1493, akiwa kisiwa cha Hispaniola, aliandika katika shajara yake kwamba ipo ají kwa wingi, ndiyo pilipili ya watu wa huko, ni bora kuliko ile ya kawaida, hakuna anayekula bila kuitumia, na merikebu 50 zingeweza kujazwa kila mwaka. Hayo ni maneno ya mtu anayemwandikia mfalme aliyetoa fedha. Hakuipata bidhaa aliyotumwa, kwa hiyo akaitangaza nyingine badala yake. Hivyo ndivyo pilipili ya kuwasha ilivyoingia katika dunia ya zamani: kama mbadala.

Kama biashara, mbadala huo ulishindwa. Mpilipili manga ni mtambaazi unaotaka joto, mvua nyingi na kivuli; huwezi kuuotesha Sevilla wala Roma. Pilipili ya kuwasha inamea ndani ya kopo dirishani. Nicolás Monardes, daktari wa Sevilla katika karne ya 16, aliandika kwamba imeenea bustanini kote Hispania, na kwamba kinyume na ile ya mashariki, hii haina gharama zaidi ya kuipanda. Kitu ambacho kila mtu anakiotesha nyumbani hakimtajirishi mfalme. Kwa hiyo zile merikebu 50 hazikujazwa. Mbegu zilisafiri kimya, ndani ya mifuko ya mabaharia, askari na watawa, hazikuandikwa kwenye daftari la forodha, wala hazikutozwa ushuru. Zilienea kwa watu wasio na fedha za kununua pilipili manga, na watu hao walikuwa wengi kupita kiasi. Kasi yake ilikuwa kubwa hata wasomi wakapotea: Leonhart Fuchs, daktari Mjerumani aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha mimea mwaka 1542, aliichora pilipili hii vizuri kabisa na kuiita pilipili ya Calicut, akiamini ni mmea wa Hindi. Ilikuwa haijatimia hata miaka 50 tangu siku ile ya Columbus.

Wareno ndio waliotuletea. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498, akasogea Malindi, na kutoka hapo akavuka hadi Calicut. Miaka miwili baadaye Pedro Álvares Cabral alifika Brazili, kisha msafara uleule ukapinda Rasi ya Tumaini Jema, ukapita Kilwa na Malindi kuelekea Hindi. Kuanzia hapo Brazili, Msumbiji, Mombasa na Goa zilikuwa vituo vya njia moja. Katika karne ya 16 na zile zilizofuata njia hiyo ilitushushia mahindi, mhogo, nanasi, mapera, korosho, na pilipili. Wareno walijenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Mizinga yao imebaki kuwa kivutio cha watalii. Mhogo wao na pilipili yao tunavila kila siku.

Pilipili mbuzi ilikuwa na njia yake yenye uchungu zaidi. Kutoka Amazon ilishapanda hadi visiwa vya Karibi kabla ya Wazungu kufika, na Atlantiki iliivuka kwa merikebu za Wareno na za biashara ya watumwa, ikashuka Afrika Magharibi na Kongo. Ndiyo maana mpaka leo pilipili ya Kingston, ya Lagos na ya Kisangani zinanukia kama ndugu. Ni ndugu kweli.

Ilipofika nchi kavu, kazi ya kuieneza haikuwa ya binadamu peke yake. Pilipili kichaa ilipandwa na ndege, na hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu ndipo ilipo siri ya ukali wenyewe. Kinachowasha ni kemikali iitwayo kapsaisini. Mwingereza John Clough Thresh ndiye aliyeitenga na kuipa jina hilo mwaka 1876. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California waligundua kwamba kapsaisini hushika kwenye mlango maalumu wa mishipa ya fahamu, uleule unaofunguka joto likipita takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Ulimi hauungui, unaambiwa unaungua, nao unaamini. Ugunduzi huo ulimpatia Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege wana mlango huo pia, lakini wa kwao hausikii kapsaisini. Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha faida yake kwa mmea: mbegu za pilipili mwitu zilizoliwa na panya haziwezi kuota, maana panya huzitafuna, zilizopita tumboni mwa ndege huota vizuri. Kwa hiyo mmea unamfukuza anayetafuna na kumkaribisha anayebeba. Shore akila kichaa asubuhi shambani, jioni anakuwa ameshaipanda kichakani, na hivyo ndivyo vichaka vyetu vilivyojaa pilipili ambayo hakuna anayekumbuka kuipanda. Hata wazungu wasafiri wa karne ya 19 waliiona imeota ovyo, wakaidhania ya asili.

Kiswahili kiliimeza kabisa. Anayesema pilipili usiyoila yakuwashia nini anazungumza kana kwamba tunda hilo liliumbwa pwani.

Unguja iligeuka mahali ambapo pilipili hii ya bure ilikuja kuwa bidhaa. Karafuu zilichukua ardhi nzuri, yenye udongo mzito, upande wa magharibi wa kisiwa. Kusini na mashariki ni nchi ya mawe ya matumbawe, udongo umekaa vishimoni tu, na wenyeji wake, Wahadimu, walibanwa huko. Pilipili ndogo haikulalamika. Ilimea katikati ya mawe, ikachumwa kwa mkono moja moja, ikaanikwa juani mpaka ikawa nyekundu iliyokauka na nyepesi, ikatiwa magunia. Karafuu zilikuwa za masultani na matajiri. Pilipili ilikuwa fedha ya mtu mwenye shamba la mawe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pilipili za Zanzibar na za Mombasa zilikuwa na majina yao katika soko la viungo la London, zikinunuliwa si kwa ajili ya chakula tu bali na watengeneza dawa pia, waliozitia katika dawa za kuchua na za tumbo.

Huko London pilipili ilikuwa imeshakutana na mbadala wa aina mbaya kabisa. Mwaka 1820 mkemia Frederick Accum alichapisha kitabu kuhusu vyakula vilivyoghushiwa, akaonya kwamba unga wa pilipili unaouzwa mjini hutiwa risasi nyekundu ili rangi isififie. Risasi ile ni sumu. Katika miaka ya 1850 daktari Arthur Hill Hassall alikagua vyakula vya madukani kwa hadubini, matokeo yakatoka katika jarida la Lancet pamoja na majina na anwani za wauzaji, na katika unga wa pilipili akaikuta risasi ileile. Hasira iliyofuata ilisaidia kuzaa sheria ya kwanza ya jumla ya Uingereza dhidi ya kughushi chakula, mwaka 1860. Mtu angedhani jambo hilo limekwisha. Februari 2005 mamlaka ya chakula ya nchi hiyohiyo iliamuru zaidi ya bidhaa 400 ziondolewe madukani, baada ya kukutwa na Sudan 1, rangi ya viwandani inayotiwa kwenye nta na dawa ya viatu. Ilikuwa imeingia kupitia unga wa pilipili uliotoka Hindi, ukatiwa kwenye sosi, na sosi hiyo ikatiwa katika mamia ya vyakula vingine. Miaka 185 ilikuwa imepita tangu Accum, na mdanganyifu alikuwa bado anauza rangi kwa jina la pilipili. Mwenye nafasi na anunue pilipili kavu nzima, aisage mwenyewe.

Tatizo la watengeneza dawa lilikuwa jingine. Ukali haukuwa sawa kutoka gunia hadi gunia, na dawa haiwezi kutengenezwa kwa kubahatisha. Mwaka 1912 mfamasia Wilbur Scoville, wa kampuni ya Parke-Davis mjini Detroit, alichapisha maelezo mafupi ya njia ya kuupima. Alichukua pilipili iliyosagwa, akailoweka katika alkoholi usiku kucha, akaichuja, kisha akaizimua kwa maji yenye sukari, akaongeza maji na kuonja, akaongeza na kuonja, mpaka mwasho ukabaki kidogo tu ulimini. Kadiri maji yalivyohitajika mengi, ndivyo pilipili ilivyokuwa kali. Katika pilipili alizozipima kwa njia hiyo zilikuwamo za Japani, za Zanzibar na za Mombasa. Za Japani zilikuwa chini, za Zanzibar zikazipita, na za Mombasa zikawa juu ya zote, nyingine zikifikia 100,000. Kipimo ambacho leo kinaandikwa kwenye chupa za sosi duniani kote kilianza kazi kwa pilipili zilizotoka kwetu, na sijui kwa nini watoto wa Mombasa hawafundishwi hilo shuleni.

Leo kazi ya ulimi imechukuliwa na mashine, lakini namba zinaitwa bado kwa jina la Scoville. Pilipili hoho ni sifuri. Jalapeño ya Meksiko huanzia 2,500 na kufika 8,000. Kichaa hucheza kati ya 50,000 na 100,000, pengine zaidi. Pilipili mbuzi, pamoja na ndugu zake habanero na Scotch bonnet, huanzia 100,000 na kufika 350,000. Kapsaisini tupu ni milioni 16.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, historia hii ilipopotoka. Scoville alikuwa mtu wa dawa. Alihitaji ukali, akapima ukali, na alifanya kazi yake sawasawa. Lakini namba yake ikatoka katika duka la dawa ikaingia jikoni, na tangu hapo watu huiuliza pilipili swali moja tu. Mashindano yakaanza. Mwaka 2007 kitabu cha rekodi cha Guinness kilitambua pilipili ya Assam iitwayo Bhut Jolokia, iliyopita milioni moja. Mwaka 2013 ikaja Carolina Reaper ya Ed Currie, Mmarekani wa South Carolina, na mwaka 2023 akajishinda mwenyewe kwa Pepper X, 2,693,000. Nyingi za pilipili hizo zina damu ya Capsicum chinense. Kwa maneno mengine, ukoo wa pilipili mbuzi umeshinda mbio ambazo hazikuwa na maana kwa mpishi, maana hakuna chungu kinachopikika kwa milioni mbili na nusu.

Ukoo huo umeonewa tangu ulipopewa jina. Nikolaus Joseph von Jacquin, mtaalamu wa mimea wa Vienna, ndiye aliyeuita chinense mwaka 1776, akidhani umetoka Uchina. Haukutoka Uchina, ila sheria za majina ya mimea zinataka jina la kwanza lidumu.

Thamani ya pilipili mbuzi iko katika harufu, na mpishi wa maharage ya nazi anaijua kuliko maabara. Maharage yakishaiva na tui zito limeshatiwa, huchukua pilipili mbuzi moja, nzima, kikonyo chake hakijang'olewa, akailaza juu ya mchuzi na kupunguza moto. Haikorogwi. Mwiko hupitishwa pembeni kwa uangalifu, maana ikipasuka watoto hawali siku hiyo. Baada ya dakika chache ngozi yake hulainika na kung'aa, na mvuke wa sufuria hubadilika: huja harufu tamu ya tunda bivu, yenye ubichi kidogo wa majani ndani yake. Anayetaka ukali hupewa ile pilipili akaipasua kwenye sahani yake. Wengine wameshapata walichokitaka. Ukali hutengenezwa na ile nyama nyeupe ya ndani inayoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe huwasha kwa sababu tu zimegusana nayo. Tunda likibaki zima, ukali mwingi hubaki umefungiwa, ilhali harufu ya ngozi inaingia katika mafuta ya nazi. Kule Venezuela na Puerto Rico wanayo ají dulce, chinense yenye harufu hii karibu yote na ukali kidogo mno, na hiyo inathibitisha kwamba harufu na ukali ni vitu viwili, vinaweza kuachana.

Kwa hiyo anayeuliza atumie nini asipopata pilipili mbuzi, kwanza ajiulize amekosa kipi kati ya viwili hivyo.

Kama ni ukali, kichaa inatosha, mbili au tatu mahali pa mbuzi moja. Ukali wake ni wa kuchoma haraka na kuondoka, hauna harufu ya kuacha nyuma. Unga wa pilipili nyekundu unafaa kwa mchuzi wa nyama unaochemka muda mrefu, si kwa kachumbari. Jalapeño usiihangaikie: ili ifikie ukali wa mbuzi utahitaji nyingi mno, na chakula chako kitakuwa mboga nyingine. Pilipili manga na tangawizi, wazee wa sinia la Mogadishu, huwasha kwa njia yao. Kikali cha pilipili manga hushika mlango uleule wa mishipa, kwa upole zaidi, nacho kinafaa kwenye supu na pilau kuliko kwenye maharage. Haradali hupanda puani, iache kwenye achari.

Kama uliyoikosa ni harufu, mbadala ni mmoja tu: ndugu yake wa ukoo. Waswahili wa London, Toronto na Minneapolis wameshalijua hilo. Wanakwenda kwenye maduka ya Wajamaika na Wanaijeria, wanachukua Scotch bonnet, na maharage yanakuwa maharage. Rwanda wana jibu lao, Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotengenezwa Nyirangarama na kutiwa katika kichupa kidogo cha kudondoshea, mfano wa kile cha dawa ya macho. Tone moja huleta ukali na sehemu ya harufu. Matone matano ni ujinga. Na kama umezidisha, maji hayatakusaidia, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Kunywa maziwa au kula mtindi.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye shamba, au hata ndoo yenye udongo uani. Pilipili mbuzi za sokoni sasa mara nyingi ni chotara zilizochaguliwa kwa ngozi ngumu, umbo moja na kuvumilia safari, na mbegu za chotara hazimrudii mama yao. Zile za zamani, zenye mikunjo na harufu ya kujaza nyumba, zimebaki kwenye nyua za watu. Ukiwa na mche wa namna hiyo, uweke mbali na kichaa na hoho ili nyuki wasichanganye. Acha matunda mawili matatu ya kwanza, yaliyo mazuri kuliko yote, yaive kabisa mtini mpaka yabadilike rangi. Yapasue ukiwa umevaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, toa mbegu, zikaushe kivulini kwa siku kadhaa, zifunge kwenye karatasi, andika mwaka. Hazina haraka ya kuota, huchukua hata wiki tatu, kwa hiyo usikate tamaa ukazimwaga. Na ukishapata miche, mgawie jirani.